Jina la Nyanzala Kwenye Kila Mstari

Vijana wangu, siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu akistaafu ndipo anapohitaji kujua ni saa ngapi. Asanteni. Nimeitundika jikoni hapa Ilemela na inakwenda vizuri. Mkaniomba pia niandike kidogo kuhusu kazi, na hapo mlikosea, maana mimi Nyangeta nikianza kusema sinyamazi. Vyeo sitavigusa. Mshahara tuuache ulale. Nitawasimulia jinsi tulivyojifunza kutunza kazi yetu, na jinsi tulivyokaribia kumfukuza mtu asiye na kosa kwa sababu ya alama ambayo hakuna jicho linaloiona.

Nilianza kwenye ofisi moja ya pamba, Nyamagana, katika chumba cha kompyuta ambacho feni yake ilipiga kelele bila kupoza kitu. Mwalimu wangu alikuwa Mzee Kulwa, Msukuma wa Magu, mtu mpole, mfuko wa koti umejaa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, anayoitafuna taratibu anapofikiri. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Umewahi kuharibu kazi ya mtu?" Nikasema bado. Akasema, "Utaharibu tu. Kaa hapa karibu nikuone."

Wakati huo programu zetu zote zilikaa kwenye diski moja ya pamoja, na kila mtu alizifungua palepale. Wawili wakifungua faili moja, anayehifadhi wa mwisho ndiye anayebaki, kazi ya mwenzake inafutika kama haikuwahi kuwapo. Dawa ya Mzee Kulwa ilikuwa mdomo. Kabla ya kugusa faili, tuseme lile la hesabu za mizani ya pamba, unasimama, unapaza sauti chumba kizima kisikie: "Nimeshika mizani!" Ukimaliza: "Mizani nimeachia!" Aliyeshika bila kutangaza aliwanunulia wote chai na vitumbua. Mkaguzi mmoja alifika tukiwa katikati ya shughuli, akasimama mlangoni akitafuta hiyo mizani iliyoshikwa, hakuiona, akaenda zake. Mimi desturi ile niliipenda kupita kiasi. Nimekulia Majita, kando ya ziwa, ambako watu huitana kutoka mtumbwi hadi mtumbwi. Sauti ninayo.

Ila sauti haina kumbukumbu. Ukiuliza nani alibadilisha hesabu hii mwezi uliopita, kila mtu anamtazama jirani yake. Tukaanza kutengeneza nakala. Ikawa folda ya "mizani mpya", ikaja "mizani mpya kabisa", ikaja "mizani ya mwisho", na mwisho wa yote "mizani ya mwisho kweli", ambayo ilikuwa ya zamani kuliko zote. Mzee Kulwa alipostaafu alinikabidhi rundo la diski na kuniambia, "Pole, mwanangu." Hakueleza zaidi, na hakuwa na haja.

Baadaye nikahamia kwenye kampuni yetu hii ya kuandika programu, mnayoijua. Mwenye kampuni ni Kokushubila, Mhaya, tuliyezoea kumwita Mama Koku ingawa tunalingana umri. Ni mwanamke wa kazi, anayeingia ofisini kabla ya mfagizi na kukumbuka jina la mtoto wa kila mfanyakazi. Hasira zake ni za haraka. Na ole wako umkute na mteja kwenye simu.

Hapo ndipo nilipokutana kwa mara ya kwanza na zana ya kweli ya kutunza matoleo ya kazi. Ilikuwa Subversion. Ghala moja linakaa kwenye seva; unachukua faili, unafanya kazi, unarudisha, na unaandika ujumbe mfupi kueleza ulichofanya. Zana inakumbuka kila mstari, nani kauandika na lini. Siku niliyofungua historia ya faili moja na kuona kila badiliko limejipanga na jina lake, nilicheka peke yangu kama mwehu. Ilikuwa ni ile "nimeshika, nimeachia" ya Mzee Kulwa, sasa imepewa kumbukumbu.

Laiti tungebaki hapo. Tulipofungua tawi Musoma, mkuu wake akawa Otieno, Mjaluo wa Rorya, fundi hodari na mbishi wa kuzaliwa. Yeye akaleta Mercurial. Kisha wakaja vijana wa chuo na Git, ambamo kila mtu hubeba ghala zima kwenye laptopu yake. Na mafundi wa wateja, waliokwisha kuzoea Subversion, wakasema hawahami. Zana tatu, kazi moja. Kila aliyenisikia nikisema tuchague moja alikubali kwa haraka sana, mradi iwe ya kwake.

"Nyangeta," Otieno aliniambia kwenye simu, "hiyo Git ni ya watoto wanaopenda mateso. Mercurial inazungumza na mtu kwa heshima."

"Basi ikufulie na nguo," nikamjibu.

Kwa hiyo kazi ilisafiri kienyeji. Ikihitajika Musoma, faili ziliwekwa kwenye fleshi, fleshi ikapewa mtu anayepanda basi. Ikirudi Mwanza, hivyohivyo. Upande wa pili wakazimwaga kwenye zana yao na kuendelea. Yaani kazi ilisafiri mwili tu, historia yake ikaachwa stendi. Tukaishi hivyo, na mambo yakaenda, ndiyo maana tulichelewa kuona ubaya wake.

Sasa nifike kwa Nyanzala. Wengi wenu mnamjua kwa cheo alicho nacho leo, lakini alipoingia alikuwa mfanyakazi wa kipindi cha majaribio, sauti ndogo, amekaa pembeni karibu na printa. Tulikuwa tunatengeneza programu ya kivuko kimoja ambacho sitakitaja. Kazi yake ni rahisi kueleza: kila gari linalopanda linapimwa, programu inajumlisha uzito, na uzito ukifika kikomo, taa ya gatini inageuka kutoka kijani kuwa nyekundu. Mpakiaji akiona nyekundu, gari linalofuata linabaki nchi kavu.

Jumanne ya jaribio la kwanza majini, bila abiria, fundi wa kivuko, Masanja, alinipigia simu. Nikasikia injini nyuma yake na watu wakipiga kelele.

"Mama Nyangeta, taa yenu inasema kijani. Lakini maji yako hapa mlangoni, nayaona kwa macho yangu!"

"Simamisha!"

"Nimeshasimamisha, mama. Nimelirudisha lori kinyumenyume. Ila hii taa yenu jamani, itatuua."

Hakuumia mtu. Watu wa ziwa hili hatuhitaji kuelezwa maana ya chombo kilichojaa kupita kiasi.

Tulifungua faili, sote tumesimama nyuma ya kiti cha Mama Koku. Kikomo cha uzito kilikuwa kimepandishwa, karibu mara mbili ya kile tulichopewa na wenye kivuko. Mama Koku akauliza, "Nani?" Kuna amri ya kuiuliza zana swali hilo, inakutajia mwandishi wa kila mstari. Kwenye Git amri hiyo jina lake ni lawama. Subversion walau wana utu kidogo, maana kwao ukiandika lawama inakujibu, na ukiandika sifa inakujibu vilevile. Sisi tuliuliza kwa lawama. Skrini ikajaa jina moja, kuanzia mstari wa juu hadi wa chini. Nyanzala. Nyanzala. Nyanzala.

"Mama, mimi nilibadilisha neno moja tu," Nyanzala alisema. "Kwenye kitufe. Kulikuwa na 'Anza', nikaweka 'Pakia'. Sikugusa kingine."

Mama Koku akaonyesha skrini kwa kidole. "Na hii ni nini? Imejiandika yenyewe? Mteja anataka jina la mtu, na jina ni hili. Ijumaa ukabidhi kompyuta."

Nilimkuta baadaye kwenye ngazi, amefunika uso na khanga yake. "Mji huu mdogo, mama," aliniambia. "Wataniita yule dada aliyetaka kuzamisha kivuko. Nani atanipa kazi tena? Nitarudi nyumbani niwaambie nini?" Nilimwambia anyamaze, aniletee laptopu yake. Nilisema kwa ukali kwa sababu nami machozi yalikuwa karibu.

Nilikuwa na hasira, na nitawaambia kwa nini. Katika faili lile, kati ya mistari, mna maelezo niliyoyaandika mimi miaka mingi nyuma, yanayosema, "Hesabu hii usimwachie Otieno, anahesabu kama anavua." Utani wangu mwenyewe, neno kwa neno. Na zana ilikuwa imeuandika jina la Nyanzala, binti ambaye hata uso wa Otieno alikuwa hajawahi kuuona. Kama zana imekosea hapo, itakuwaje isikosee kwenye kikomo?

Kilichotokea ni hiki. Kila mstari wa faili una alama ya mwisho, isiyoonekana, ya kuiambia kompyuta kwamba mstari umekwisha. Windows huweka alama mbili. Linux huweka moja. Laptopu ya Nyanzala ilikuwa ya Windows. Alipofungua faili abadilishe neno lake moja na kuhifadhi, programu yake ya kuandikia ikabadilisha alama za faili zima kimyakimya. Kwa macho ya mtu, limebadilika neno. Kwa macho ya Git, imebadilika kila mstari, na mwandishi ni Nyanzala. Wengine tulikuwa tumezipanga kompyuta zetu kuzuia jambo hilo, lakini kila mtu alipanga yake kivyake, kama wanawake wenye mafiga jirani, kila mmoja na chumvi yake. Mgeni hakuambiwa.

Nikaenda kwa Mama Koku, nikamweleza. Akanisikiliza nusu.

"Nyangeta, usiniletee hadithi za alama zisizoonekana. Nionyeshe."

"Nitakuonyesha."

"Kabla ya Ijumaa."

"Nimesema nitakuonyesha!" Na nikafunga mlango kwa nguvu kuliko inavyofaa kwenye mlango wa tajiri.

Niliiamuru Git isijali alama za mwisho wa mistari. Jina la Nyanzala likafutika kila mahali, likabaki kwenye mstari mmoja, ule wa kitufe. "Pakia." Tulikumbatiana pale kwenye printa. Lakini mistari mingine yote, pamoja na kikomo, sasa ilisema Otieno, kwa sababu faili zilikuja kutoka Musoma kwa fleshi na kumwagwa kwa mkupuo chini ya jina lake. Nikampigia.

"Nyangeta! Sasa unataka kunitoa kafara mimi?"

"Tulia. Utani wangu dhidi yako nao unasema uliuandika wewe, kwa hiyo najua si kweli. Nipe historia yako ya Mercurial. Yote, siyo mwili tu."

Alibisha kidogo kwa ajili ya afya yake, kisha akaileta mwenyewe kwa basi, akakaa nasi hadi mwisho. Huko nako, chini kabisa, kulikuwa na mkupuo mwingine, kazi iliyotoka Mwanza enzi za Subversion. Seva ya zamani tuliikuta stoo chini ya maboksi ya karatasi. Tukaifuta vumbi, tukaiwasha, ikaguna, ikaamka. Otieno alipiga saluti.

Sasa hapa, vijana, sikilizeni, maana ndiyo kazi yenyewe. Kuunganisha historia tatu si kitu iwapo kila zana inasoma kivyake. Tuliweka kanuni moja, alama moja ya mwisho wa mstari, kisha tukaiandika kwa lugha ya kila zana. Git unaiwekea faili dogo la kanuni ndani ya ghala. Mercurial nayo ina faili lake, ila kwanza uiwashe hiyo huduma. Subversion ni mkaidi, inataka kila faili libandikwe kanuni yake, nasi tukabandika. Jambo kubwa ni kwamba kanuni zilikaa pamoja na kazi, si kichwani mwa mtu wala kwenye kompyuta yake. Anayechukua kazi anachukua na kanuni, hata kama ameajiriwa asubuhi hiyo. Ile siku ya kusawazisha faili zote tuliiandikisha pembeni ili zana isiihesabu, vinginevyo mimi ndiye ningekuwa nimeandika kila kitu, na sifa hiyo siiwezi.

Yakaja majina. Otieno peke yake alikuwa watu wanne: "otieno", "Otieno O", "laptopu ya otieno", na mmoja aliyejiita "mimi". Nikamuuliza huyu mimi ni nani, akasema, "Ni mimi." Tuliwakusanya wote wakawa mtu mmoja. Aliyetusumbua ni Administrator, mfanyakazi hodari kuliko wote ofisini, anayefanya kazi kila mahali na hajawahi kuonekana wakati wa chakula. Hilo ndilo jina ambalo kompyuta huja nalo kutoka dukani usipolibadilisha. Kompyuta moja baada ya nyingine tukaiandika jina la mwenyewe. Ikabaki moja, ambayo nilikuwa nimeomba mara nyingi kuiandika jina na kuambiwa, "Si lazima, Nyangeta, mimi siandiki programu siku hizi."

Alhamisi mchana historia zote tatu zilikaa pamoja. Niliuliza mstari wa kikomo. Jibu likaja, nikalisoma mara mbili. Otieno alilisoma begani kwangu, akaenda kufunga mlango. Ningeweza kumwita mhusika pembeni. Sikumwita. Nyanzala hakuitwa pembeni.

Ijumaa asubuhi tulijaa chumba cha mikutano. Laptopu ya Nyanzala ilikuwa mezani, waya wake umekunjwa vizuri, naye amevaa gauni la kanisani, kama mtu aliyeamua kuondoka na heshima yake. Nikawasha projekta. Nikaonyesha faili kama tulivyoliona Jumanne, majina yote Nyanzala. Nikaondoa alama zisizoonekana, likabaki neno moja la kitufe. Nikafungua ya Musoma, kisha ya Subversion. Utani wangu ukarudi kwangu, watu wakacheka, Otieno akainama kama anayepokea tuzo. Kisha nikauonyesha mstari wa kikomo peke yake. Mwandishi, Administrator. Ujumbe wake, "Kwa ajili ya wageni wa leo." Na tarehe, siku ambayo Nyanzala alikuwa bado hajaomba hata kazi.

Kicheko kilikatika. Kila mtu wa zamani alikumbuka siku tuliyowaonyesha wageni programu hii, soda na keki, taa ikiwaka kijani mwanzo mpaka mwisho. Na kila mtu alijua ni kompyuta ya nani iliyobaki na jina hilo. Hakuna aliyethubutu kumtazama. Mimi nilimtazama, ingawa tumefanya kazi pamoja miaka mingi na nampenda.

Mama Koku alisimama taratibu.

"Ni mimi," alisema. "Magari ya mfano tuliyoweka siku ile yalikuwa mazito, taa ikawa inawaka nyekundu kila mara. Nikaona aibu mbele ya wageni. Nikapandisha kikomo, nikasema jioni nitarudisha." Akageuka. "Nyanzala mwanangu, nilikuhukumu mbele ya watu, basi na msamaha nakuomba mbele ya watu. Nisamehe. Mteja nitampigia mimi mwenyewe, na jina nitakalompa ni langu."

Nyanzala aliitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka. Mama Koku akaichukua ile laptopu mezani, akafungua waya uliokunjwa, akamwekea mikononi.

"Huendi popote. Na majaribio yako yamekwisha leo hii, umeajiriwa. Sasa kaa chini, rudisha kikomo. Wewe, si mwingine."

Alikaa. Alijua anachofanya. Akabadilisha, akaandika ujumbe wake, akatuma kwenye ghala zote tatu tulizounganisha. Skrini ya ukutani ikaonyesha badiliko. Mstari mmoja umetoka, mstari mmoja umeingia, na faili lote lililobaki limetulia kimya. Vijana, nimefanya kazi hii tangu enzi za kupaza sauti, na ofisi ile ilikuwa haijawahi kuona badiliko la mstari mmoja likionekana kama mstari mmoja. Otieno alikuwa na Musoma kwenye simu. "Wameipata!" akapiga kelele. "Mercurial nayo inasema mmoja! Jina ni Nyanzala, mstari ni mmoja!" Nikapiga vigelegele palepale, nikaitikiwa na chumba kizima.

Ilibaki Subversion, ya Masanja, kule gatini. Alikuwa ameahidi kuchukua kazi mpya na kupakia malori tena kwenye kivuko kitupu. Tulisubiri. Chai ililetwa na hakuna aliyeinywa. Simu ilipoita, Mama Koku aliisukuma mbele ya Nyanzala, kwenye spika.

"Haloo? Nani mwenzangu?"

"Ni Nyanzala, kaka. Niambie."

Tukasikia injini, tukasikia dereva fulani akilalamika kwa matusi mazito kwamba zamu ni yake na kwa nini anazuiwa. Halafu Masanja akaanza kucheka, anacheka na kupiga makofi peke yake kule ufukweni.

"Imekataa!" alipaza sauti. "Dada Nyanzala, nyekundu! Lori limefika mlangoni, imelikataa!"